Mkuu, usimwachie shemeji kliniki peke yake

Mkuu, futa hiyo mipango. Unasema mtoto wa miaka 7 amethibitika ana ADHD (hali ya ubongo inayomfanya mtoto ashindwe kutulia na kuzingatia), shemeji atampeleka kliniki kila wiki kwenye mafunzo ya wazazi, wewe utalipia na "kusimamia nidhamu" ukirudi usiku. Halafu unauliza dawa, sukari na shule. Subiri kwanza. Hapo kwenye nidhamu ya usiku ndipo nilipopoteza mwaka mzima, kwa hiyo samahani nikiandika kwa kelele.

Mtoto wa ADHD hafundishiki kwa mkopo. Sifa au adhabu inamwingia ikija ndani ya sekunde chache, kutoka kwa mtu aliyeona. Kosa la saa 9 mchana ukilihukumu saa 2 usiku, anachojifunza ni kwamba baba akiingia mlangoni kuna balaa. Usinicheke, kwangu ilikuwa Mahakama ya Mwanzo kabisa, kesi zinasikilizwa baada ya taarifa ya habari na mshtakiwa ameshavaa nguo za kulalia.

Hata hivyo, hasara kubwa siyo hiyo. Kule kliniki shemeji atafundishwa kupuuza kelele. Mtoto analilia simu, anapiga kochi mateke, mama anaendelea kumenya vitunguu kana kwamba hasikii. Akitulia kidogo tu, anasifiwa papo hapo. Siku za mwanzo mara nyingi kelele HUONGEZEKA. Mtoto anausukuma ufunguo wa zamani kwa nguvu zaidi kabla hajautupa, maana yake mbinu imeanza kushika. Sasa siku ya nne unaingia wewe, umechoka, unataka matokeo ya mpira, unampa simu "anyamaze". Umeshamfundisha kwamba kulia dakika 10 hakutoshi, zinatakiwa 40. Hamrudi mlipoanzia, mnaanguka chini zaidi, kwa sababu zawadi inayotoka mara mojamoja ndiyo ngumu kuachwa, waulize wacheza kamari. Na lawama atabebeshwa shemeji, eti hawezi kulea.

Yule mshauri aliyeniambia "mama akija inatosha, baba utasimuliwa", popote alipo, nami nina la kumsimulia. Kikao hakisimuliki, ni mazoezi. Unamsogelea mtoto, unamgusa bega, unatoa amri moja: "Vaa viatu." Unahesabu kimoyomoyo hadi tano. Akitii, unataja alichofanya: "Umevaa viatu mara moja, safi sana." Ukisimuliwa unabaki na "uwe unamsifia", kisha unarusha amri tatu kutoka kwenye kochi, vaa viatu, chukua begi, muage bibi, na dakika tano baadaye unamkuta na kiatu kimoja anamfukuza paka. Na wale wajomba wa "mtandike, hata sisi tulitandikwa"? ADHD inarithiwa sana, wachunguze vizuri hao wajomba, uone nani kila siku anatafuta funguo.

Wala usidhani ni sisi tu. Marekani, mwanasaikolojia Gregory Fabiano na wenzake kule Buffalo waliandaa mafunzo ya akina baba kwa kutumia soka: wiki 8, kila kikao muda wa saa mbili, kwanza baba wanafundishwa huku watoto wakifanya mazoezi, kisha mechi, na baba wanazisifu juhudi za watoto palepale uwanjani.

Dawa, kwa kifupi. Methilfenideti, dawa inayotumika sana kwa ADHD, ile ya muda mfupi hufanya kazi kwa muda wa kama saa nne. Akimeza saa 1 asubuhi, inapofika saa 5 inaisha. Wewe wa usiku unamwona mtoto ambaye dawa imeshamtoka, tena baadhi yao huwa wakali zaidi inapoisha, unatangaza "haifanyi kazi" na kutaka dozi ipandishwe. Muulize mwalimu anavyoonekana asubuhi, na dozi apange daktari. Hamu ya kula hupungua, kwa hiyo anywe chai yake vizuri kabla ya kidonge, na apimwe uzito, urefu na presha kila akirudi kliniki. Dozi ya jioni inaweza kumnyima usingizi.

Kikao cha kwanza ni lini? Kama ni katikati ya wiki, kesho asubuhi piga simu kliniki WEWE, usimtume shemeji, uombe Jumamosi. Wakisema mzazi mmoja anatosha, waambie mnakuja wawili na viti mtajitafutia.