Maswali ya Wasomaji: Waya wa Spika Hubadilisha Sauti?

SWALI: Mhariri, salaam. Nina ampli na spika mbili za omu 4. Moja iko mita 2 kutoka kwenye ampli, nyingine nimeitoa barazani kwa waya wa mita 12, ule mwembamba wa nyekundu na nyeusi. Ya barazani inasikika hafifu. Muuzaji wa soko la Mwanjelwa, Mbeya, anasema ninunue waya wa bei ndipo besi itoke safi. Kweli, au ananilia hela?
Msomaji, Tukuyu

JIBU: Sauti hubadilika kwa unene wa shaba, urefu wa waya na namna ulivyofungwa. Jina lililoandikwa kwenye ganda halimo.

Umeme huenda na kurudi, kwa hiyo mita 12 zako ni mita 24 za shaba. Waya mwembamba wa saizi 0.5 (milimita za mraba za shaba) kwa urefu huo una ukinzani, yaani nguvu ya kuzuia umeme, wa omu 0.8 hivi; mbele ya spika ya omu 4, karibu theluthi ya nguvu haifiki. Tena ukinzani wa spika hupanda na kushuka kati ya besi na sauti nyembamba, hivyo waya huo hukata sauti nyingine zaidi ya nyingine. Masikio yako hayakudanganyi. Funga waya wa 2.5, ukinzani utashuka hadi omu 0.17. Ile ya mita 2 iache na waya wake mwembamba: una omu 0.14, zitakuwa karibu sawa.

Waya laini wa shaba wa duka la vifaa vya umeme unatosha kabisa. Ila usipime kwa ganda, maana ganda nene huficha shaba kiduchu. Menya ncha uhesabu: 2.5 kwa kawaida ina nyuzi 50 za milimita 0.25. Kisha kwangua uzi mmoja kwa wembe. Ukiona weupe ndani, ni aluminiamu iliyopakwa shaba. Inafanya kazi, lakini chukua saizi ya juu yake, na usiilipie bei ya shaba.

Zima ampli kabla ya kufunga. Sokota ncha vizuri; uzi mmoja uliochomoza ukigusa tundu la jirani unaweza kuunguza ampli. Chanya iende kwa chanya. Spika moja ikigeuzwa, besi hupotea, na waya husingiziwa bure. Kuhakikisha, chomoa nyaya upande wa ampli, gusisha betri ya volti 1.5 mara moja, chanya kwa chanya: koni za spika zote mbili zisukumwe nje.

Na kwa mvua za huko Tukuyu, ncha za shaba hufanya ukijani haraka. Kabla hujapanda gari kwenda Mwanjelwa, kata sentimita 2, menya upya, kaza. Anayebadilisha waya huwa amefunga na ncha mpya papo hapo, halafu sifa zote anapewa waya.

SWALI: Waya wangu wa bei mbaya naona unapiga vizuri kuliko ule wa 2.5. Nitathibitishaje?
Msomaji, Iringa

JIBU: Mtu abadilishe nyaya usione, akirusha shilingi kila mara kuchagua, nawe utaje ni upi unaopiga, mara 10. Wimbo uleule, kitufe cha sauti kisiguswe. Ukipatia 9 au 10 tutakuamini, kwani kwa kubahatisha hufika hapo mara 11 tu kati ya 1,024. Ukipatia 5 au 6, tafuta risiti.