Nasoma hadi saa tisa usiku, mbona sikumbuki?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nasomea uuguzi, mwaka wa kwanza, hapa Mwanza. Nakesha hadi saa tisa, madesa nayarudia mara nne, tano, lakini nikikaa kwenye mtihani kila kitu kinayeyuka. Mwenzangu anatumia vidonge vya kumbukumbu. Na mimi nijaribu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Vidonge achana navyo. Tatizo lako liko kwenye neno uliloandika mwenyewe: "nayarudia".

Kurudia kusoma kunadanganya. Desa ukiliona mara ya tano macho yanalizoea, nawe unadhani umelijua. Kuna mwanafunzi aliniletea daftari, kurasa zote zimepakwa njano. Nikalifunika, nikamwomba anieleze mzunguko wa kichocho, ugonjwa ambao sisi wa kando ya ziwa tunaishi nao. Akafika kwenye konokono, akakwama. Kabla ya konokono, yai linaangua nini majini? Baada yake, nini kinampenya mvuvi ngozi? Kimya. Na ukurasa ule alikuwa ameusoma asubuhi ileile.

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi habari fupi. Wengine waliisoma tena, wengine waliandika walichokumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5, waliosoma tena waliongoza. Baada ya wiki moja walikumbuka asilimia 42, wenzao 56. Hizo dakika 5 ndizo zinazowaponza nyote, maana mtihani hauji baada ya dakika 5.

Kwa hiyo funika daftari, chora mzunguko wote kwa mkono wako, kisha funua ujisahihishe kwa kalamu nyekundu. Rudia keshokutwa, na tena wiki ijayo. Inachosha, na mwanzoni utakosea sana. Endelea hivyohivyo. Saa sita usiku uwe umelala. Usingizi ndio unaokushikizia ulichosoma.

Wauza vidonge wananikera kuliko yote. Wanaijua ratiba ya mitihani kama nyinyi, na wanajua bumu, ile pesa yenu ya mkopo, likiingia. Mwingine anauza kopo la kukeshea, mwingine "siri ya kufaulu kwa siku tatu" kwenye WhatsApp. Nimesimamia mitihani, nimeona kijana anashindwa kuandika namba yake kwa jinsi mkono unavyotetemeka. Vidonge vingine vinafungwa kwenye karatasi tu: hakuna jina la mtengenezaji, hakuna usajili wa TMDA, mamlaka ya dawa, na wewe muuguzi mtarajiwa unameza! Mwambie mwenzako aache leo. Kama moyo unamwenda mbio au usingizi umempotea, aende zahanati na hicho kidonge mkononi, asingoje mitihani iishe.