Maneno saba yaliyofutwa Jakarta

SWALI: Salaam, Mhariri. Barazani kwetu Kuze, Mombasa, tumebishana kuhusu Pancasila, ile misingi mitano ya taifa la Indonesia. Je, Sukarno, rais wa kwanza wa nchi hiyo, aliiamua peke yake?

JIBU: Salaam, ndugu yangu. La, hakuiamua peke yake. Sukarno aliieleza katika hotuba yake ya tarehe 1 Juni 1945, lakini kamati ya watu tisa ndiyo iliyoandika, tarehe 22 Juni, kwamba taifa litasimama juu ya imani kwa Mungu pamoja na wajibu wa Waislamu kufuata sharia, kifungu ambacho kwa lugha yao kilikuwa na maneno saba tu. Tarehe 18 Agosti, siku moja baada ya uhuru kutangazwa, Mohammad Hatta, aliyetangaza uhuru pamoja na Sukarno, aliketi na viongozi wa Kiislamu akawaeleza kuwa Wakristo wa visiwa vya mashariki hawakuridhika na sharti hilo. Nao, kwa moyo mkubwa ninaoustahi hadi leo, wakakubali lifutwe na misingi imtaje Mungu Mmoja. Ubishi haukuishia hapo: Bunge la Katiba lililochaguliwa mwaka 1955 lilishindwa kuafikiana, na Julai 1959 Sukarno akalivunja kwa amri.