Mgeni wa klabu ya mdahalo mpe kazi siku hiyohiyo

Wiki ya kwanza ya muhula, klabu ya mdahalo hujaa hadi watu wanakaa madirishani. Msimu wa test ukifika wamebaki walewale wa mwaka wa tatu, wanajibizana wenyewe kwa wenyewe. Nimeongoza klabu chuoni hapa Dar, na naamini mwaka wa kwanza hakimbii ugumu wa mdahalo. Anakimbia kukaa saa mbili akitazama wengine waking'ara.

Kwa hiyo mgeni simsimulii historia ya klabu, namkabidhi saa. Katika mfumo wa bunge la Uingereza, unaotumika vyuo vingi, kila mzungumzaji ana dakika 7. Dakika ya kwanza ikiisha mtunza muda anagonga meza, yaani sasa upande wa pili wanaruhusiwa kusimama na kuomba kumkatiza. Ya 6 anagonga tena, ruhusa imekwisha. Ya 7 anagonga mara mbili. Wazungumzaji ni 8. Akishawagongea wote, ameelewa mdahalo unavyokwenda bila kufundishwa, na amemwona mwenyekiti mwenyewe akikatwa katikati ya sentensi (hilo huwafurahisha sana). Halafu asipotokea wiki inayofuata tunampigia: "Dada, saa leo anashika nani?" Tangazo la kwenye grupu la WhatsApp kila mtu analisoma, hakuna anayejiona ameitwa yeye.

Asikae na saa muda mrefu lakini. Wiki ya pili au ya tatu asimame aongee. Timu ni watu wawili, basi mpange na mkongwe, na zile dakika 15 za maandalizi mkongwe ashike kalamu, mgeni atoe hoja. Hapa utagombana na wakali wako, maana wanapenda kupangwa pamoja. Waambie wasubiri mashindano.

Jaji naye umdhibiti. Kwa mgeni ataje hoja moja iliyomgusa na jambo moja la kurekebisha, basi. Akisomewa orodha ya makosa mbele ya watu, harudi.

Mengine ni madogo: mada za mwanzo ziwe za mambo wanayoyaishi, kama mikopo ya wanafunzi, na mmalize kabla daladala hazijaanza kugombaniwa. Akipotea wakati wa UE, mitihani ya mwisho wa muhula, mwache asome. Mitihani ikiisha mtumie mada inayofuata, umwambie na upande aliopangiwa.