Kabla hujatoa pesa kwa waya wa spika

Kijana niliyemfundisha kazi ya mitambo ya sauti alinijia mwaka jana na waya wa spika wa mita 3, umelazwa ndani ya sanduku la mahameli kama mkufu wa dhahabu. Pesa aliyolipwa kwenye harusi tatu iliishia humo. Tukaufunga, akawasha, akafumba macho, akaniambia: "Kaka, sikia besi ilivyoshiba. Mwimbaji kasogea mbele." Hakuwa anadanganya. Alisikia hivyo kweli.

Sikumbishia. Nilimwomba tufanye jaribio moja, na ninyi mnaoanza kazi hii nawasihi mlifanye mapema. Tulitundika kanga mbele ya amplifaya, mimi nikakaa nyuma yake na nyaya za aina mbili: ule wa kwake, na shaba ya milimita 2.5 za mraba, ileile mafundi umeme wanayovuta kwenda kwenye soketi. Kila raundi nilirusha sarafu iamue nifunge upi. Sikutamka neno. Yeye aliandika kwenye karatasi: wake au wa soketi. Wimbo uleule, mara 10. Akapatia 5. Tukabadilishana nafasi, mimi nikapatia 6. Mtu anayebahatisha tu hufikisha 9 au zaidi kama mara 1 katika 100, kwa hiyo ukifika hapo nitakaa nikusikilize kwa makini. Ila kitasa cha sauti kisiguswe hata kidogo: sauti ikipanda desibeli 1 tu, sikio halisemi imepanda, linasema imekuwa nzuri.

Na si sisi wawili tu. Mwaka 2007 James Randi, mfanya mazingaombwe wa Marekani, aliweka dola milioni 1 kwa atakayeweza kutofautisha kwa masikio nyaya za spika za dola 7,250 na za kawaida. Hakuna aliyezichukua.

Sababu yake ni hesabu ndogo. Mita 3 za ile shaba ya soketi, kwenda na kurudi, hazifikishi ukinzani, yaani jinsi waya unavyozuia umeme, wa omu 0.05. Mbele ya spika ya omu 8 hicho ni kama hakuna. Waya wa dhahabu ungepunguza nini hapo?

Lakini asije mtu akawaambia kwamba waya ni waya. Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Amplifaya iko jukwaani, spika iko mlangoni mita 30, na mtu kavuta kile kiwaya chembamba cha milimita 0.5 za mraba. Kwenda na kurudi ni mita 60, ukinzani omu 2 na kidogo. Spika ya omu 8 inapoteza zaidi ya theluthi ya nguvu. Ukiunganisha mbili sambamba zikawa omu 4, nguvu inayofika haifiki nusu, na besi inalegea. Hilo linasikika bila kutundika kanga. Dawa yake ni unene wa waya, na unene hauna bei ya kutisha.

Dukani nendeni na wembe. Kwaruza uzi mmoja: ukikuta weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, na ukinzani wa aluminiamu ni kama mara 1.6 ya shaba. Msiuchanganye na waya mweupe nje, mwekundu ndani. Huo ni shaba iliyopakwa bati, hauna ubaya.

Gitaa lina mambo yake. Waya wa mita 10 kutoka gitaa lisilo na betri unameza sauti za juu, kwa hiyo mpe mpigaji waya mfupi au kisanduku cha DI, kinachoiandaa sauti ya gitaa ivumilie waya mrefu, karibu naye. Waya wa maiki wa XLR, ule wa pini tatu, wenyewe unavumilia umbali, maana unabeba sauti mara mbili, moja imegeuzwa, na miksa ikitafuta tofauti ya hizo mbili, kelele iliyoingia njiani inafutika. Ukisikia mvumo wa hezi 50, shuku kwanza vyombo kuchomekwa kwenye soketi zilizo mbalimbali. Na tafadhali, msikate waya wa ethi, ule unaopeleka umeme uliovuja ardhini, ili kuuondoa mvumo huo. Mwimbaji ameshika chuma mkononi na mdomo umegusa maiki. Ethi ndiyo inayomlinda.

Kilichowahi kuniaibisha mimi hasa ni kiungo. Baba wa bibi harusi anatoa nasaha, maiki ikaanza kukwaruza, inakata, inarudi, watu wanageuka kunitazama. Nilipofungua kichwa cha waya ule usiku, nyuzi za pini ya 2 zilikuwa zimebaki tatu, zinaning'inia kwenye risasi ya kuunganishia iliyochomwa bila moto wa kutosha, imefifia kama jivu. Waya wenyewe ulikuwa wa bei ya juu kuliko yote kapuni mwangu. Jifunzeni kuchomea risasi hadi ing'ae na kutambaa yenyewe kwenye shaba.

Yule kijana siku hizi anafika ukumbini saa mbili kabla ya wageni. Anapita na multimita, kile kipimo cha umeme, waya mmoja baada ya mwingine, pini ya 1 kwa ya 1, ya 2 kwa ya 2, ya 3 kwa ya 3, huku anautikisa karibu na kichwa. Unaosita anaupiga fundo na kuuweka kando, usije ukarudi kapuni kwa bahati mbaya.