Barua kwa mwanangu: Ujerumani na mabadiliko ya Marekani

Mwanangu Rukia,

Salamu kutoka Kaiserslautern. Ujumbe wako niliusikiliza mara mbili kabla ya kuingia zamu. Mhadhiri wenu hapo Dar amewauliza nchi ya Ulaya hujiandaaje mshirika wake mkubwa anapobadili uongozi, nawe unataka kujua ya hapa Ujerumani.

Nianzie Julai 2020. Serikali ya Trump ilitangaza kuondoa wanajeshi karibu 12,000 nchini humu. Ramstein, kambi ya jeshi la anga la Marekani, ni jirani yetu, na ukihesabu na familia zao, Wamarekani wa eneo hili hufika 50,000 hivi. Ndani ya basi langu hapakuwa na mazungumzo mengine. Mwenye nyumba za kupangisha, fundi magari, mama muuza mikate, wote walikuwa na hofu. Biden alipoingia akausimamisha mpango ule, na watu wakashusha pumzi mapema mno, nchi nzima.

Uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2024 ulipokaribia, serikali ya Kansela Scholz ilimtuma mratibu wake wa mahusiano na Marekani, Michael Link, kuzunguka majimbo ya Marekani kuonana na magavana, wakiwamo wa Republican, chama cha Trump. Hoja ilikuwa ya maana: BMW huunda magari Spartanburg, Volkswagen Chattanooga, Mercedes Alabama, na wanaoajiriwa humo ni wapiga kura wa magavana haohao. Niliipenda mbinu hiyo, kwani ukitegemea kujuana na baba mwenye nyumba peke yake, akiondoka utagonga mlango hadi uchoke. Hata hivyo, ushuru wa Trump wa asilimia 25 kwa magari ya kutoka nje ulikuja Aprili 2025.

Maandalizi yenye uzito, mwanangu, yalikuwa ya fedha za ulinzi, na hayo ndiyo yaliyocheleweshwa. Tangu 2009 Katiba ya hapa inaibana serikali isikope ovyo; nakisi ya serikali kuu haitakiwi kuzidi asilimia 0.35 ya pato la taifa. Urusi ilipoivamia Ukraine 2022, jeshi lilitengewa mfuko maalumu wa euro bilioni 100. Ukiisha, je? Jibu hawakuwa nalo. Tarehe 6 Novemba 2024 tuliamka Trump ameshinda. Usiku Scholz akamfukuza waziri wake wa fedha, Lindner, kwa ugomvi wa bajeti, na muungano wao ukavunjika. Siku ile ile!

Friedrich Merz, kiongozi wa chama cha upinzani cha CDU, alishinda uchaguzi wa Ujerumani wa Februari 2025. Kubadili Katiba kunahitaji theluthi mbili, na katika Bunge jipya vyama vya AfD (mrengo mkali wa kulia) na Die Linke (mrengo wa kushoto) vingeweza kuzuia. Basi akaupeleka muswada kwa Bunge la zamani, siku chache kabla halijaondoka, nalo likaupitisha tarehe 18 Machi: matumizi ya ulinzi yanayovuka asilimia moja ya pato la taifa hayabanwi tena na kikomo kile cha kukopa. Kwenye kampeni alikuwa akikitetea kikomo hichohicho. Wengi walihisi wamehadaiwa, na nawaelewa. Mimi namlaumu kwa kutowaambia wananchi mapema. Uamuzi wenyewe ulikuwa wa lazima.

Mwambie mhadhiri wako kwamba ziara zilianza kabla ya uchaguzi wa Marekani, fedha zikafuata miezi minne baada yake. Mwulize yeye angeyaita hayo maandalizi.

Mama yako anakusalimu. Ukimaliza insha nitumie niisome.

Baba yako