Ujuzi, stadi au umahiri? Tatizo lako liko mstari wa chini

Msomaji mmoja wa idara ya rasilimali watu anauliza: wanaandaa mwongozo wa umahiri wa wafanyakazi, sasa kichwa cha jedwali kiwe "ujuzi", "stadi" ama "umahiri"? Akanibandikia na mstari mmoja wa jedwali lenyewe, bora asingebandika.

Jibu kwanza, fupi. Ujuzi umetoka kwenye kujua, mahiri ni Kiarabu, stadi naye ana undugu na ustadhi. Stadi ni kitu kimoja unachokifanya, mfano kuhariri, umahiri unabeba vyote, unachojua, unachofanya na mwenendo wako kazini. Chagueni, ila mkishachagua msibadilishe ukurasa wa pili.

Sasa huo mstari: "Awe na uwezo wa kuweza kufanya uwasilishaji wa taarifa kwa ufanisi."

Jamani. Uwezo wa kuweza! Kwani kuna mwenye uwezo wa kutoweza? Halafu "kufanya uwasilishaji", yaani kitenzi kilikuwepo, kizima kabisa, mkakivunja miguu kikawa nomino afu mkakipa "kufanya" kama mkongojo. Kuwasilisha kumewakosea nini? Na hiyo taarifa ni ipi, anampa nani, kwa mdomo au kwa maandishi? Mstari hausemi, pumzi imeishia kwenye uwezo. Andikeni tu: "Anaandika ripoti ya mwezi ambayo msimamizi haihariri tena kabla ya kuituma." Hapo hata aliyeajiriwa juzi anajua anadaiwa nini, na anayempima anajua aangalie wapi.

Nabashiri na ngazi zenu za kupimia wafanyakazi pia: ya kwanza "kwa ufanisi", ya pili "kwa ufanisi zaidi", ya tatu "kwa ufanisi wa hali ya juu". Hiyo "zaidi" mnaipima kwa rula? Ndugu wawili, wasomi wa Marekani Stuart na Hubert Dreyfus, mwaka 1980 walipanga hatua 5 za kukua kwenye fani na hawakuzitenganisha kwa vielezi, walisema mwanagenzi anafuata kanuni kama alivyopewa, bingwa anaitazama hali na kujua la kufanya bila kurudi kwenye kanuni. Kwa hiyo nanyi semeni: huyu anajaza kiolezo, huyu anaandika bila kiolezo, huyu anawatengenezea wenzake kiolezo. Kila mtu ataona yupo wapi bila kuitiwa semina.

"Kwa ufanisi" nawaachia moja, iwekeni kwenye utangulizi, najua hamtalala bila hiyo. Ila uwezo wa kuweza mkaufute leo.